Kilango cha paka katika mlango wa plastiki: Kinga ya mahindi au njia mpya ya panya?

NI jambo la kawaida siku hizi kukuta mlango wa plastiki katika nyumba za wakulima wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Rukwa. Kwa wengi mlango huo ulianzia chooni na bafuni, mahali ambapo mbao huoza kwa maji, kisha ukahamia jikoni na hatimaye katika chumba cha stoo.

Sifa zake zinajulikana. Mchwa hawauli, hauhitaji kupakwa rangi kila mwaka, hauvimbi wakati wa masika, na fundi mmoja anaweza kuubeba begani kutoka dukani. Pia unafunga vizuri kuliko mlango wa mbao wa zamani uliokuwa umemeguka pembe ya chini.

Lakini ile pembe iliyomeguka ilikuwa na kazi yake. Ndiyo iliyokuwa njia ya paka. Mlango mpya unapofungwa jioni, paka hubaki nje akilia, na panya huendelea kuingia kwa njia yao ya siku zote, yaani juu ya ukuta kwenye mtambaapanya, mahali ambapo bati na ukuta havikukutana. Mlango wa plastiki unakuwa umemfungia nje mlinzi na kumwachia mwizi dari.

Hapo ndipo mkulima anapomwita fundi na kumwomba akate tundu. Kazi yenyewe si kubwa, lakini ina maswali mawili ambayo ni vyema yajibiwe kabla ya msumeno kugusa mlango. La kwanza ni la kiuchumi: je, tundu hilo litarudisha gharama yake? La pili ni la kiufundi: mlango wa plastiki haukatwi kama wa mbao, na ukikatwa vibaya hauzibiki.

Kuna jambo moja la kukumbuka katika maswali yote mawili. Tundu analopita paka, panya pia anapita.

Panya anakula gramu, anafungua gunia

Panya wa nyumbani mwenye uzito wa kati ya gramu 150 na 200 hula takriban gramu 15 hadi 20 za nafaka kwa siku. Kwa mtazamo wa haraka, hicho ni kiasi kidogo mno cha kumfanya mtu atoboe mlango wake.

Tuchukue mfano wa mkulima aliyehifadhi magunia 20 ya kilo 100 kila moja mwezi Agosti, akisubiri bei nzuri ya mwezi Februari. Ikiwa stoo yake ina panya 10, na kila mmoja anakula gramu 20 kwa siku, kwa siku 210 watakuwa wamekula kilo 42. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 2 ya kilo 2,000 alizoweka. Pamoja na hayo, panya huzaliana haraka. Panya shamba, ambaye huhamia majumbani mavuno yanapoisha mashambani, anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa uzao mmoja. Kwa hiyo hesabu ya panya 10 mwezi Agosti si hesabu ya mwezi Desemba.

Hata hivyo, hasara kubwa haiko katika kile panya anachokula. Iko katika kile anachokichafua na kukitoboa. Mahindi yenye kinyesi na mkojo wa panya hukataliwa na mnunuzi makini au hushushwa bei, na mikojo hiyo inaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya binadamu.

Kwa mkulima anayetumia mifuko isiyopitisha hewa, hatari ni kubwa zaidi. Mifuko hiyo hufanya kazi kwa kuwanyima hewa wadudu walioko ndani, akiwamo dumuzi ambaye wakulima wengi wanamwita Skania, mdudu aliyeingia nchini kupitia mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfuko ukiwa mzima, mkulima hahitaji dawa. Mfuko ukitobolewa na jino la panya, hewa inaingia, na wadudu waliokuwa wamezimia au waliobaki hai wanaendelea na kazi yao.

Kwa lugha ya biashara, panya amekula gramu 20 lakini ameweka rehani kilo 100. Mifuko mitano ikitobolewa kati ya 20, ni nusu tani iliyorudi katika hatari ambayo mkulima alikwisha kulipia kuikwepa. Hiyo ndiyo thamani ambayo mlinzi wa stoo anapaswa kupimwa nayo.

Paka si mashine ya kuua

Ushirika wa paka na ghala ni wa zamani sana. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kaburi la kisiwani Cyprus lenye umri wa miaka kama 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Wataalamu wengi wanaamini kuwa paka mwitu alijisogeza mwenyewe kwa binadamu, akifuata panya waliovutiwa na akiba za nafaka za wakulima wa mwanzo wa Mashariki ya Kati.

Wapo waliomwingiza katika vitabu vya mahesabu. Kumbukumbu za kanisa kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1305 na 1467 zilitolewa peni 13 kila robo mwaka kwa ajili ya walinzi na paka. Mwaka 1598 askofu wa hapo, William Cotton, alimlipa seremala akate tundu la duara katika mlango ulio chini ya saa kubwa ya kanisa, ili paka apite kuwinda. Tundu hilo lipo hadi leo, na ni la kukatwa katika mbao nene isiyo na shida yoyote ya kutobolewa.

Hata hivyo, tafiti za karibuni zinatoa tahadhari kwa anayedhani paka mmoja atamaliza panya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia paka walioingia katika kiwanda cha kurejeleza taka huko Brooklyn, New York. Kwa siku 79 kamera ziliwanasa paka wakiua panya wawili tu. Kilichobadilika zaidi ni mwenendo wa panya: paka walipokuwepo, panya walijificha na hawakuonekana ovyo.

Utafiti mwingine ulio karibu zaidi na mazingira ya mkulima wetu ulifanyika katika kaya za vijijini nchini Eswatini, na ukachapishwa mwaka 2017. Watafiti walilinganisha kaya zenye paka peke yake, zenye mbwa peke yake, zenye wote wawili na zisizo na mnyama yeyote kati ya hao. Matokeo yalionyesha kuwa panya walipunguza kwa kiasi kikubwa kutembea na kutafuta chakula katika kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Paka peke yake, au mbwa peke yake, hakuleta tofauti kubwa.

Maana yake kwa mkulima ni hii: paka anauza hofu zaidi kuliko anavyouza vifo. Hofu hiyo ina thamani pale tu paka anapoweza kufika mahali palipo na nafaka, kila usiku, bila kumsubiri mtu amfungulie. Na inafanya kazi vizuri zaidi mbwa akiwa uani. Paka anayelala nje ya mlango wa plastiki uliofungwa anamtisha panya wa uani, wala si wa stoo.

Mlango upi ukatwe, upi uachwe

Kabla ya kuita fundi, mkulima anashauriwa aingie stoo mchana, afunge mlango na kutazama juu. Akiona mwanga kati ya ukuta na bati, au dari iliyopasuka, basi panya tayari wana njia yao. Katika stoo ya namna hiyo, kilango cha paka hakiongezi hatari kubwa, na kinamwezesha mlinzi kuingia.

Akikuta stoo imefungwa pande zote, ina dari ya saruji au wavu wa chuma kwenye matundu ya hewa, na mlango hauna upenyo chini, jibu ni tofauti. Stoo hiyo isitobolewe. Panya wadogo wa nyumbani hupita katika upenyo wa milimita 6, na panya wakubwa wachanga hupita katika upenyo wa milimita 12. Aliyefanikiwa kuziba hadi kiwango hicho amekwisha kushinda, na kumkatia paka tundu ni kuubomoa ushindi wake. Kwake yeye kilango kiwekwe kwenye mlango wa jikoni au wa ukumbi, ili paka azunguke nyumba yote usiku, na stoo ibaki imefungwa.

Kuna hali ya tatu. Mahindi yakiwa yamemwagwa sakafuni bila kutiwa katika magunia, paka asiruhusiwe kuingia kabisa. Kwa paka, lundo la mahindi halina tofauti na mchanga wa kujisaidia. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, ambavyo ni hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kwanza nafaka iingie katika magunia, magunia yapande juu ya chaga za mbao, yaachane na ukuta kwa nafasi ya kupita mtu, ndipo izungumzwe habari ya paka.

Jua mlango wako kabla ya kuukata

Milango ya plastiki inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi si ya aina moja, na kosa kubwa la mafundi ni kuikata yote kwa mtindo mmoja.

Aina ya kwanza ni ule mlango mwepesi wa bei nafuu ambao ndani ni mtupu. Ukiugonga kwa kidole unatoa mlio wa debe. Umeundwa kwa kuta mbili nyembamba za plastiki zilizounganishwa na vigawanyo vya ndani, hivyo ndani yake kuna mifereji mirefu inayoshuka kutoka juu hadi chini. Ukikata tundu na kuliacha hivyo, umefungua mifereji hiyo yote. Mende, siafu na hata panya wadogo watapata makazi ndani ya mlango wenyewe.

Aina ya pili ni mlango mzito wenye fremu pana pembeni na kipande cha katikati kilichopachikwa, ambacho kinaweza kuwa cha plastiki au cha kioo. Ndani ya fremu hizo mara nyingi kuna chuma cha kuzitia nguvu, na upande mmoja unabeba kitasa na komeo zake. Huu ni mlango wa aina ileile inayotumika sana Uingereza, nchi ambayo wenye paka wengi wameweka vilango katika milango ya plastiki. Kanuni ya mafundi wa huko ni moja: kata kipande cha katikati, usiguse fremu. Ukikata fremu, mlango unapoteza nguvu, unaanza kulegea kwenye bawaba, na kitasa hakikutani tena na tundu lake.

Njia rahisi ya kujua chuma kilipo ni kupitisha sumaku juu ya mlango taratibu. Mahali inapong'ang'ania, msumeno usifike. Kipande cha katikati kikiwa cha kioo kilichotiwa ugumu, kisikatwe kabisa kwa sababu kitavunjika chote vipande vidogovidogo. Hapo ni kukitoa na kupachika kipande kipya cha plastiki ambacho tayari kimekatwa tundu. Faida ya njia hii ni kwamba kipande cha zamani kinatunzwa, na siku mwenye nyumba akitaka kuuza au kupangisha, anarudisha mlango kama ulivyokuwa.

Mkulima aulize pia dukani kuhusu dhamana. Mlango uliokatwa ni mlango uliobadilishwa, na muuzaji ana haki ya kukataa kuurudisha.

Kupima na kukata

Kipimo kinaanza kwa paka, si kwa mlango. Apimwe upana wa mabega na kimo cha tumbo kutoka sakafuni akiwa amesimama. Kwa paka wengi wakubwa, tundu la upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 16 linatosha. Ukingo wa chini wa tundu ulingane na tumbo lake, yaani sentimita 12 hadi 15 kutoka sakafuni. Kama nje pako chini kuliko ndani, liwekwe tofali au ngazi ndogo upande wa nje. Asipimwe paka mchanga wa miezi miwili, maana tundu litambana kabla ya mavuno yajayo.

Fundi achore kiolezo kwenye karatasi ngumu, akibandike mlangoni kwa gundi ya karatasi, na ahakikishe kwa timazi kwamba kimenyooka. Pembe za tundu ziwe za mviringo. Pembe kali kwenye plastiki ndiyo mwanzo wa ufa, na ufa ukianza hausimami.

Kila pembe itobolewe kwanza kwa keekee, kisha msumeno wa meno madogo upite kutoka tundu hadi tundu. Msumeno wa umeme unaweza kutumika, lakini uendeshwe polepole. Plastiki ya PVC huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 80, na msumeno unaokimbia huyeyusha ukingo badala ya kuukata, kisha plastiki hiyo hushikana tena nyuma ya meno. Kwa upande mwingine, plastiki hiyohiyo ikipata baridi huwa rahisi kupasuka. Kwa wakulima wa Njombe na Makete, kazi hii isifanywe asubuhi ya baridi ya Juni au Julai. Mlango uachwe upate jua kwanza.

Mlango wenye kuta mbili ukatwe upande mmoja, kisha upande wa pili, huku kiolezo kikipimwa tena. Msumeno mfupi ukisukumwa kupita pande zote mbili kwa pamoja huenda mshazari, na tundu la ndani halitalingana na la nje. Kingo zisuguliwe kwa tupa na kumaliziwa kwa msasa. Fundi avae miwani na kufunga pua kwa kitambaa, na vumbi lifagiliwe kabla kuku hawajaanza kulidonoa.

Kwa ule mlango mtupu ndani, hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi. Vikatwe vipande vinne vya mbao kavu vyenye unene unaolingana na nafasi iliyo kati ya kuta mbili, visukumwe ndani kuzunguka tundu lote na kushikwa kwa silikoni. Mbao hizo zinafanya kazi mbili: zinaziba mifereji, na zinawapa bolti mahali pa kushika. Bila mbao, bolti zikikazwa zitazibana kuta za plastiki mpaka zibonyee.

Kifuniko, sumaku na bati

Tundu tupu halitoshi. Linahitaji kifuniko kinachobembea, chenye uwezo wa kufungwa. Vilango vilivyotengenezwa viwandani vina fremu mbili zinazobana mlango, moja ndani na nyingine nje, na kifuniko chenye sumaku chini ili upepo usikifungue. Vingi vina kitufe cha njia nne: kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, au kufungwa kabisa. Vipo pia vya betri vinavyosoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka na kumfungulia yeye peke yake. Nchini Uingereza vimekuwa vya kawaida, na katika England sheria imewataka wenye paka kuwawekea chipu tangu Juni 10, 2024. Kwa stoo ya mahindi, gharama ya aina hiyo ni vigumu kuitetea.

Mkulima asiyepata cha dukani anaweza kutengenezewa na fundi wa alumini. Kipande cha alumini, bawaba ndogo mbili juu, sumaku ya mlango wa kabati chini na kikomeo kidogo upande wa ndani vinatosha. Kingo za kifuniko zikunjwe zisimkate paka. Bolti zipite mlango mzima na kushikwa kwa nati, zikazwe kwa mkono na si kwa nguvu zote. Silikoni ipakwe kuzunguka fremu upande wa nje ili mvua isiingie.

Inafaa ieleweke kwamba kifuniko si ukuta. Panya mkubwa akiamua, anaweza kukisukuma kifuniko chepesi. Sumaku inamchelewesha tu. Ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba kilango kiwekwe katika stoo ambayo tayari ina mianya, na kikomeo kifungwe nyakati ambazo paka hayupo.

Panya pia hutafuna plastiki. Sehemu ya chini ya mlango, nje na ndani, ipigwe kipande cha bati cha kimo cha sentimita 30, kinachozunguka kingo za tundu na kushuka hadi karibu kabisa na kizingiti. Upenyo wa chini ya mlango usizidi milimita 6. Bati hilo ni sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika kazi hii, na ndilo linaloamua umri wa mlango.

Suala la mwizi wa miguu miwili nalo lizingatiwe. Kitasa huwa kama mita 1 kutoka sakafuni, na ukingo wa juu wa kilango huwa karibu sentimita 31. Tofauti ni sentimita 69, ambayo ni karibu na urefu wa mkono wa mtu mzima. Kwa hiyo kilango kiwekwe upande wa bawaba na si upande wa kitasa, ufunguo usiachwe kitasani, na komeo la ndani lipandishwe juu.

Mlinzi naye ana mshahara wake

Paka hatapita kilangoni siku ya kwanza. Kifuniko kifungwe kwa kamba kikiwa wazi kwa wiki moja, na chakula chake kiwekwe upande wa pili. Wiki inayofuata kamba ilegezwe nusu, kisha iondolewe. Asisukumwe kwa nguvu, kwani akiogopa kilango mara moja atakikwepa muda mrefu.

Wapo wanaoamini kuwa paka mwenye njaa ndiye mwindaji hodari. Ukweli ni kwamba paka huwinda hata akiwa ameshiba, na paka mwenye njaa huhamia kwa jirani mwenye dagaa. Chakula kidogo cha kila jioni na maji safi ndiyo mshahara unaomfunga kwenye kituo chake cha kazi. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa pamoja na mbwa wa nyumbani. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, mara nyingi huambatana na kampeni za chanjo, na ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa. Akihasiwa, hatazurura mbali wala kuijaza nyumba watoto.

Jambo la mwisho ni sumu. Mkulima hawezi kuwa na paka na sumu ya panya katika stoo moja. Sumu nyingi za kisasa hufanya kazi kwa kuzuia damu kuganda, na panya aliyezila huchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo anatembea kwa ulegevu na ni windo rahisi. Paka akimla mmoja baada ya mwingine, sumu inajikusanya mwilini mwake. Anayetaka kupunguza panya kwa haraka kabla ya paka kuanza kazi atumie mitego.

Hesabu ya kufunga kazi

Mkulima anaweza kupima mradi huu kwa kilo za mahindi badala ya shilingi, kwa sababu bei hubadilika kila msimu. Ajumlishe kilango, bati, silikoni, bolti na ufundi, kisha agawanye kwa bei ya kilo moja anayotarajia kuuzia. Aongeze dagaa na chanjo za mwaka.

Tuseme jumla inalingana na kilo 80. Mkulima mwenye magunia 20 katika mifuko isiyopitisha hewa anahitaji kuokoa chini ya mfuko mmoja tu usitobolewe ili arudishe gharama katika msimu wa kwanza, na kilango kitabaki kwa misimu inayofuata. Kwa mwenye magunia matatu ya chakula cha nyumbani, kilo 80 ni zaidi ya robo ya akiba yake. Huyo atanufaika zaidi kwa kununua pipa la chuma lenye mfuniko, na paka wake akaendelea kulinda uani.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Kwa mwenye stoo iliyo wazi juu na mlango wa plastiki uliofungwa chini, paka hakuondoka, ila amefungiwa nje. Kumrudisha kunahitaji tundu la sentimita 15 kwa 16, vipande vinne vya mbao, kipande cha bati, na dakika chache za kutazama dari kabla ya kumwita fundi.